Sia Aliitikia kwa Kichwa

Jumamosi ile Soko la Kilombero lilifurika, na Nancy, mtoto wa miaka mitano, alikuwa amelala kifudifudi katikati ya njia, mikono masikioni, akipiga yowe. Mama yake, Sia, nesi wa kliniki ya watoto huko Themi, alipiga magoti kando yake ndani ya gauni la kitenge cha njano, jasho likimtiririka. Watu, kama kawaida yao, walikuwa na ushauri tele.

"Huyo anataka fimbo tu!"

"Dada, mpeleke akaombewe. Hayo ni mapepo."

Mara kelele zikakatika. Muuza viatu vya mitumba, mwanamume mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa utadhani anakwenda kanisani, alikuwa amezima spika yake iliyotangaza bei tangu asubuhi.

"Jamani, sogeeni. Mtoto anaumizwa na kelele."

Nancy akanyamaza. Sia akainua macho amshukuru, na moyo wake ukanaswa hapohapo.

Aliitwa Elihuruma, Mmeru wa Nkoaranga. Akaomba namba, akapewa. Tangu siku hiyo, Sia na mwanawe wakitokea tu sokoni, spika inazimwa, wateja walalamike wasilalamike. Na jioni simu inaita.

"Nesi wangu, umekula?"

"Nimekula, muuza viatu. Wewe je?"

"Mimi nashiba sauti yako."

"Basi utakonda!"

Sia alikuwa na miaka thelathini na mbili, na wanaume wawili walishamkimbia. Wa kwanza ni baba wa Nancy mwenyewe, aliyedai kwamba kwao hawazaliwi watoto wa namna ile. Huyu hakukimbia. Alijifunza kwamba Nancy hapendi kushikwa ghafla na kwamba anapenda kupanga viatu vidogo kwa rangi, akamwachia ubao mzima wa viatu apange atakavyo. Sia alimpenda mpaka akaogopa.

Mwezi wa sita wakapanda Nkoaranga, Nancy akiwa nao. Katika ukoo wa kina Elihuruma, posa haitoki nyumbani mpaka wazee wachunguze kama kwao binti kuna kifafa, wazimu, au jambo lolote la kurithi. Shikamoo zikatolewa, mabakuli ya loshoro, mahindi ya maziwa mgando, yakaliwa, kisha baba mdogo wa Elihuruma, mzee Aminieli, akaweka kijiko chini.

"Mwanangu, huyu mtoto hasemi. Kwenu wako wengine?"

Sia alikuwa na jibu. Daktari alishamweleza kwamba ule ni usonji, mtoto huzaliwa nao, si laana wala malezi mabaya. Na ndiyo, wakati mwingine huonekana zaidi ya mara moja katika familia. Akafungua mdomo. Elihuruma akamtangulia.

"Alizaliwa mzima kabisa, baba. Ni sindano ya surua iliyomharibu."

Mama yake Elihuruma akapiga makofi. "Si nilisema mimi! Eti, mwanangu, ni kweli? Wewe ni nesi, wewe ndiye unayejua."

Sia alishachoma sindano hizo kwa maelfu. Alijua kwamba Nancy alikuwa akikwepa macho ya watu hata kabla ya kuchomwa. Alijua watafiti wamelinganisha watoto waliochanjwa na wasiochanjwa, nchi baada ya nchi, wasione tofauti. Alijua pia kwamba akisema hivyo, harusi imekufa. Akaitikia kwa kichwa.

Wakati wa kushuka, katikati ya migomba, Sia hakumpa mkono.

"Kwa nini umesema vile, Eli?"

"Nimekuokoa, mpenzi. Ukoo wako umetoka safi kama pamba."

"Lakini ni uongo."

"Uongo huo unamdhuru nani?"

Jibu lilichukua miezi mitatu. Susana, dada yake Elihuruma, aliyekuwapo siku ile, alikuwa na mtoto mchanga, na zamu ya sindano ya surua ya miezi tisa ilipofika, alibaki nyumbani. Nani wa kumlaumu? Nesi mzima alikubali mbele ya wazee. Surua ikaingia mlimani, ikamkuta mtoto. Alipona, lakini hakuona tena.

Sia alipanda siku aliyopata habari, kilemba kimekaa upande.

"Wifi, nisamehe. Haikuwa sindano. Nancy alizaliwa hivyo. Niliogopa mtanikataa."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza, na mimi nimekaa palepale nampakata mwanangu?"

Sia akamgeukia Elihuruma, akingoja aseme ni yeye aliyeanza. Elihuruma alikuwa akitazama sakafu. Mama yake akasimama, akamfungulia Sia mlango.

Wiki mbili baadaye Elihuruma alimfuata kliniki asubuhi, foleni ya kina mama ikiwa imefika uani. Alikuwa amekonda kweli.

"Rudi, Sia. Silali, siuzi. Mama atapoa."

"Waambie kwanza ni nani aliyeanza uongo ule."

"Nikiwaambia, watauliza kama si sindano, ni nini."

"Ni usonji. Waambie hivyo."

"Na watoto wetu, je?"

"Kumbe anayeuliza ni wewe, si wazee."

"Nancy nampenda, Mungu anajua. Lakini mwingine tena, Sia... sitaweza."

Ubaya ni kwamba Sia alikuwa bado anampenda. Angeweza kumkumbatia palepale, mbele ya kina mama wote.

"Nenda, Eli. Watu wananisubiri."

Akaenda. Sia akanawa mikono, akaita anayefuata. Akaingia mwanamke mmoja na mtoto wa miezi tisa, akasita kukaa.

"Samahani, nesi. Sindano hii si ndiyo inayoleta ububu?"

Sia alimweleza yote, utafiti na mtoto aliyepofuka kule mlimani, mpaka foleni ikaanza kunung'unika. Mwanamke alisikiliza kwa adabu.

"Nimekusikia, dada yangu. Lakini yuko nesi hapahapa mjini, mwanawe aliharibiwa na sindano hii. Mwenyewe alikubali mbele ya wazee."

"Nesi huyo ni mimi," Sia akasema. "Nilidanganya."

Mwanamke akamwangalia vizuri, bila hasira.

"Basi niamini maneno yako ya siku ile, au ya leo?"

Akamfunga mtoto mgongoni, akachukua kadi yake mezani, akatoka.