Bastola ya Bingwa

Kabati la chuma lilikuwa wazi, na mahali pa bastola moja palikuwa patupu kama pengo la jino.

Inspekta Sindano alisimama mbele ya pengo hilo, mikono nyuma, bila kugusa kitu. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na wenzake kituoni kwa sababu mbili: alikuwa mwanamke mrefu mwembamba, na maswali yake yalichoma bila kelele.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu kilichonuka mafuta ya mashine. Meza ya kazi ilikuwa na jiliwa kubwa la kubania vyuma, lililofungwa pembeni. Tupa za kusugulia chuma zilipangwa ukutani kwa ukubwa, za mwisho nyembamba kama vijiti vya meno. Kwenye kona palikuwa na sanduku la mbao lililojaa mchanga, ambamo fundi alifyatulia risasi za majaribio. Dirisha la nyuma, lililotazama uani, lilikuwa wazi.

Mwenye karakana alikuwa ameketi kwenye kigoda, akijipangusa jasho ambalo halikuwepo. Mji mzima ulimwita Fundi Mtutu. Bunduki zilizoshindikana kwingine zilikuja kupona kwake.

"Uligundua saa ngapi, Fundi?"

"Eh?"

"Uligundua lini kwamba bastola haipo?"

"Ah! Asubuhi hii. Nafungua mlango, naona kabati wazi. Mwili ukanisisimka."

"Bastola yenyewe ni ya nani?"

"Hapana, chai sijanywa."

Inspekta alimtazama. Watu wakiibiwa huchanganyikiwa. Akarudia swali kwa sauti ya juu zaidi.

"Ya Bingwa," fundi alijibu. "Bingwa wa kulenga shabaha. Aliniletea niikazie kile kidude cha mbele cha kulengea."

Koplo alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati, akinyunyiza unga wa kutafutia alama za vidole. Alikuwa mzee wa kazi aliyekaribia kustaafu, na alitamani sana kumkamata mtu mmoja wa maana kabla hajarudisha kofia ya serikali.

"Afande," alinong'ona, "kitasa hakijavunjwa. Hata mkwaruzo hakuna. Huyu mwizi anajua vitasa kama mimi ninavyojua njia ya kwetu. Na mlango wa pili hapo kuna fundi funguo aliyewahi kufungwa."

"Kwa kosa gani?"

"Kufungua mlango usio wake."

"Waulize maswali, yeye na Fundi Mtutu," Inspekta alisema. "Maswali, Koplo. Pingu zibaki mkandani."

Kabla ya kutoka alilitazama tena lile kabati. Pembeni mwa pengo zilikuwepo bastola tatu mpya, zinang'aa, na maboksi ya risasi. Mwizi gani huyo, alijiuliza, anayeingia dukani na kuacha vipya akachukua kilichokuja kutengenezwa?

*

Bingwa alikuwa kwenye uwanja wa klabu, akiwafundisha wanachama wapya jinsi ya kupumua kabla ya kufyatua. Alikuwa mjane mnene mwenye miwani minene, na asiyemjua angedhani ni mwalimu wa ushonaji. Aliposikia habari, alishika kifua.

"Fundi ameumia?"

"Hajaumia. Wezi hawakumkuta."

"Ahsante Mungu." Akashusha pumzi. "Haya sasa niambie kuhusu bastola."

Inspekta aliliweka swali hilo la kwanza moyoni. Wenye mali wengi huanza na mali.

"Ina alama yoyote ya kuitambulisha, mbali na namba?"

Bingwa akacheka kwa aibu. "Ina rangi ya kucha. Macho yangu si yale ya zamani, basi kile kidude cha mbele nilikipaka rangi nyekundu ya kucha nikione vizuri. Wenzangu hunicheka, lakini nikiwashinda wanakoma."

"Na Fundi Mtutu unamfahamu vipi?"

"Ni mkwe wangu huyo, mama! Yaani mtarajiwa. Mwanangu anamuoa binti yake, harusi haiko mbali. Ndiyo maana nikampelekea. Nilisema, kazi ya nyumbani niipeleke nje kwa nani?"

*

Inspekta aliporudi kituoni alimkuta Koplo mlangoni, kifua mbele, tabasamu sikio hadi sikio.

"Kesi imekwisha, Afande. Fundi funguo yuko ndani."

"Nilisema maswali."

"Niliuliza! Nilimuuliza Fundi Mtutu: je, unamshuku jirani yako? Akasema, ndiyo, ndiyo. Nikamuuliza: tumkamate? Akasema, haya, msalimie sana." Koplo alisita. "Hilo la mwisho lilinishangaza kidogo, lakini Mkuu wa kituo amefurahi. Kesho asubuhi mtuhumiwa anapelekwa mahakamani. Kwa rekodi yake, dhamana hapati."

Mtuhumiwa, ambaye mtaani aliitwa Kufuli, alikuwa ameketi sakafuni mwa selo, mgongo ukutani. Alimwona Inspekta akanyanyuka kwa heshima.

"Shikamoo, Afande. Kwanza nina malalamiko. Komeo la selo hii ni bovu mno. Ningeweza kuwa nyumbani tangu mchana, ila nimewastahi."

"Marahaba. Umeiba bastola ya Bingwa?"

"Mimi? Bastola ya nini? Mke wangu akinikuta na bastola ataninyang'anya anipige nayo."

"Uliwahi kufungwa."

Mzaha ukamtoka usoni. "Niliwahi, na nilitumikia nikamaliza. Wakati ule wanangu walikuwa wachanga, hawakujua baba yuko wapi. Sasa ni wakubwa, Afande. Wanajua maana ya neno mwizi. Mkubwa alikuwepo dukani mkinichukua. Hakusema kitu. Alinitazama tu."

Inspekta alifungua daftari lake.

"Wewe na Fundi Mtutu mna ugomvi?"

"Huyo ni mtani wangu! Kila siku lazima tutukanane ndipo kazi iende. Ila tangu juzi hanijibu. Nimemwita zee la baruti, kimya. Nimemwambia bintiye kapata mume kwa huruma ya Mungu, kimya. Mtani asipojibu, basi ni mgonjwa au ana siri."

*

Nyumba ya Fundi Mtutu ilikuwa nyuma ya karakana, imetenganishwa nayo na ua mdogo wenye kamba za nguo. Mkewe alikuwa anaanua shuka. Alimkaribisha Inspekta, akamvutia kiti, kisha akamwaga yaliyomjaa moyoni kabla hajaulizwa.

"Dada yangu, mume wangu amenibadilikia. Tangu juzi nikimwita haitiki. Nikimwambia chakula tayari, ananiambia kesho. Nikadhani kaninunia kwa sababu ya mambo ya harusi."

"Juzi kulitokea nini?"

"Hakuna cha ajabu. Alikuwa karakana anajaribu silaha, kama kawaida. Nikamwita kutoka hapa uani: Baba Bibi-harusi, chai inapoa! Akavua yale madude yake ya kuziba masikio anijibu. Akasema, nakuja, namalizia hii. Halafu nikasikia, paa! Lakini si paa ya kila siku. Hii ilikuwa na ukali, mpaka kuku wakaruka. Nikauliza, kuna nini? Kimya. Basi nikanywa chai yangu peke yangu."

Inspekta akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Mama, ahsante sana. Umenisaidia kuliko maabara."

Alimwita Koplo, aliyekuwa akimsubiri nje, wakavuka ua hadi karakana. Fundi Mtutu alikuwa ameinamia meza, anafuta tupa ambayo ilikwisha kuwa safi. Inspekta alisimama nyuma yake.

"Fundi," alisema kwa sauti ya kawaida, "mchumba wa binti yako amevunja uchumba."

Koplo alitoa macho. Fundi Mtutu aliendelea kufuta tupa.

"Fundi, nyumba yako inaungua."

Tupa ikageuzwa, ikafutwa upande wa pili.

"Loo," Koplo akanong'ona, na polepole rangi ikamtoka usoni. "Afande… kumbe zile ndiyo, ndiyo…"

"Hakusikia hata neno moja, Koplo. Ulimkamata mtu kwa ushahidi wa kiziwi."

Sasa Inspekta alikitazama chumba upya. Jicho lake lilitulia kwenye kalenda. Ilikuwa imetundikwa nyuma ya meza, chini mno, usawa wa kiuno. Nani hutundika kalenda mahali ambapo ni paka pekee atakayeisoma? Tena ilikuwa ya mwaka uliopita.

Alipita mbele, fundi akashtuka kumwona, akasimama.

"Karibu, karibu! Mmeshampata?"

Inspekta aliinua kalenda kwa ncha ya kalamu. Ukutani palikuwa na tundu dogo, na ndani ya tundu kitu kilichomeremeta. Alivaa glovu, akakichomoa kwa kibanio. Kilikuwa kipande kidogo cha chuma, na ubavuni kilikuwa na rangi nyekundu ya kucha.

"Koplo, chimbua lile sanduku la mchanga."

Koplo alizamisha mikono hadi kwenye viwiko. Mara akaibuka na kitu kilichofungwa kwenye tambara la mafuta. Alikifungua. Bastola ya Bingwa ilikuwa humo, mtutu wake umevimba karibu na mdomo na kupasuka kama muhogo uliochomwa.

Fundi Mtutu aliketi kwenye kigoda chake kama gunia lililofunguliwa kamba. Alifunga mdomo, akatazama sakafu.

Inspekta alichuchumaa mbele yake ili aonekane vizuri, akasema kwa sauti kubwa, neno baada ya neno:

"Fundi! Jirani yako Kufuli yuko selo! Kesho anapelekwa mahakamani! Kwa kuiba bastola hii!"

Fundi akainua kichwa. "Nani? Kufuli? Kakamatwa? Lini?"

"Leo! Koplo alikwambia!"

"Aliniambia?" Macho yakamtoka. "Nilidhani anauliza habari za nyumbani!" Akasimama, akashika kofia, akaiangusha, akaiokota. "Nipelekeni. Nipelekeni sasa hivi. Kufuli hana kosa, wala hakuna mwizi. Mwizi ni mimi."

*

Kituoni, Inspekta alitaka kumwonya Fundi kisheria na kuandika maelezo yake kwa utaratibu, katika chumba cha mahojiano, mlango umefungwa. Alikuwa tayari amemwita Bingwa aje kuitambua bastola, na Kufuli alikuwa ametolewa selo akisubiri kurudishiwa mkanda wake. Mapokezi palijaa watu wenye shida zao: aliyeibiwa mbuzi, aliyepoteza kitambulisho, wawili waliogombana kuhusu ukuta.

Lakini mtu asiyesikia hajui sauti yake ina ukubwa gani. Fundi Mtutu alimwona Bingwa mapokezi na uvumilivu ukamwishia papo hapo.

"MKWE, NIMEHARIBU BASTOLA YAKO!" alipiga kelele.

Mwenye mbuzi akasogea karibu.

"Nilisafisha mtutu. Kitambaa kikabaki ndani! Mimi, fundi wa miaka yote hii, nikasahau kitambaa! Mke wangu kaniita chai, mawazo yakaenda kwenye chai, nikafyatua nikiwa nimechuchumaa mbele ya sanduku la mchanga. Mtutu ukavimba, kidude kikaruka, kikapita hapa kwenye sikio. Tangu hapo nasikia nyuki tu!"

"Kwa nini hukuniambia?" Bingwa aliuliza.

"EH?"

"Kwa nini ulisema imeibiwa!" Inspekta alimsaidia.

Fundi alishika kofia kwa mikono miwili, akaanza kuizungusha. Sauti ilibaki kubwa, lakini ilitetemeka.

"Kwa sababu ya binti yangu. Anampenda mwanao, mkwe. Asubuhi anaimba, jioni anaimba. Nikasema, mama mkwe akijua bastola yake ya ushindi imeharibiwa na baba wa bibi harusi, kwa uzembe, tena uzembe wa mwanafunzi, atasema ukoo huu hauna umakini. Atamchukua mwanawe. Binti yangu atanyamaza. Nikaona afadhali tuseme mwizi. Mwizi ambaye hayupo haumii. Sikujua kuwa polisi wangempata."

Koplo alitazama viatu vyake.

Fundi akamgeukia Kufuli. "Na wewe, mtani wangu. Umeketi sakafuni mwa selo kwa ajili yangu, na mtoto wako kaona. Nitakwenda kwako. Nitamwambia mwanao mwenyewe, mbele ya mtaa, kwamba mwongo ni mimi."

Kufuli alikuwa amekunja uso. Akaukunja zaidi. Kisha ukamshinda.

"Utamwambia," alisema karibu na sikio la mwenzake, kwa nguvu. "Na siku ya harusi hotuba ni yangu. Nitaanzia kwenye kitambaa."

Bingwa aliichukua bastola kutoka mezani, ikiwa ndani ya mfuko wa vielelezo, akainua miwani, akautazama mtutu uliovimba. Mabega yakaanza kumtikisika. Fundi alidhani analia, akafumba macho.

"Mwanangu anaoa," Bingwa alisema, machozi ya kicheko yakimtiririka, "na bastola ndiyo imetangulia kupata mimba!"

Hata wale waliogombania ukuta walishikana wasianguke. Kicheko kilipotulia, Bingwa alimkaribia mkwewe, akaweka mkono begani kwake, na sasa hakuwa akicheka.

"Chuma nitapata kingine. Kilichoniuma ni kwamba ulinidhania mtu wa kuvunja moyo wa mtoto kwa sababu ya chuma."

Alilazimika kulirudia neno hilo mara mbili ndipo likaingia. Lilipoingia, Fundi Mtutu alilia waziwazi.

Sheria ilifuata mkondo wake. Inspekta alimfungulia shtaka la kutoa taarifa za uongo, na hakimu, baada ya kuficha uso nyuma ya faili kwa muda, alimpa adhabu ya kufagia kituo cha polisi na kumzuilia leseni ya kutengeneza silaha hadi daktari athibitishe kwamba anasikia. Koplo aliomba radhi kwa Kufuli, na siku ya harusi wageni waliisikia hotuba yake hadi mwisho, kitambaa na mengine yote.

Leseni iliporudishwa, mteja wa kwanza kuingia karakana alikuwa Bingwa. Aliweka mezani bastola mpya ya klabu.

"Ikazie kidude cha mbele, mkwe."

"Unaniamini?"

"Nimpe nani? Asiyewahi kukosea hajui pa kuangalia."

Fundi Mtutu aliifungua, akahakikisha haina risasi, akachungulia ndani ya mtutu. Akachungulia tena. Kisha akatoka uani, akamwita mkewe aje naye achungulie.