Aliniambia, Nami Nikamchoma

Nina miaka thelathini. Sina mume, sina mtoto, na kazi niliyoisomea siifanyi tena. Ninafua mashuka katika hoteli moja hapa Kiyovu, Kigali. Ukinipita barabarani asubuhi utaona mwanamke wa kawaida tu anayewahi kazini. Huwezi kujua kwamba kuna mtu nilimuua kwa mkono huu wa kulia... halafu nikamsingizia!

Ndugu zangu mnaosoma, sitafuti huruma. Naomba mnisikilize tu hadi mwisho.

Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, na wazazi wangu Wanyarwanda. Tuliporudi nyumbani Rwanda, baba alikuwa ameshafariki. Mama akapanga nyumba ndogo Rebero, hapa hapa Kigali, akawa anashona sare za shule. Mimi nilianza shule mapema na darasa moja nilirushwa. Hivyo nilipomaliza masomo ya uuguzi nilikuwa na miaka kumi na minane, tena kimwili nilionekana kama wa kumi na minne. Koti langu jeupe mama alilipunguza mara mbili na bado lilinipwaya!

Siku ya kwanza kazini mama alinisindikiza mpaka kituo cha moto, ndivyo tunavyoziita pikipiki za abiria. Alimwambia yule dereva, mtu asiyemjua kabisa, "Mwendeshe polepole, huyo ni muganga," yaani mtu wa kutibu. Alikuwa analia.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye zahanati ya binafsi huko Masaka, pembezoni mwa Kigali. Wakati ule kulikuwa na mashamba ya mihogo na maharage kila upande, na nyumba mpya zikichomoza katikati yake. Wagonjwa wetu wengi walikuwa wakulima. Wakiniona nimeshika sindano waliangalia nyuma yangu wakauliza, "Muganga yuko wapi, mtoto?"

Mnajua neno hilo linavyouma? Mtoto! Nilikuwa nakwenda chooni kulia, kisha nanawa uso na kurudi.

Aliyenishika mkono ni muuguzi mkuu, Dada Konsolata. Alikuwa Mnyarwanda aliyekulia Burundi, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mnene, mcheshi, mwenye mikono myepesi ajabu. Alinifundisha kutafuta mshipa kwa kidole bila kuangalia. Alinipa viatu vyake vya zamani. Mchana tulikula sahani moja. Nilimpenda kama dada wa tumbo moja.

Ila alikuwa na sharti moja. Nisimuulize kitu mbele ya wagonjwa.

"Ukiuliza-uliza wanaona hatujui kazi," aliniambia. "Wewe fanya uso mgumu. Mimi pia nilianza mdogo."

Basi nikajifunza uso mgumu. Nilikuwa na mwezi wa tano kazini alipokuja Esperansi.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya soko, foleni imefika mpaka nje. Esperansi alikuwa na miaka ishirini na sita. Alijikata mguu kwa jembe, kidonda kikaoza, homa ikapanda. Alikuja na mama yake, Mama Venansia, ambaye alibaki nje kwenye benchi akimbembeleza mtoto wa Esperansi, kichanga cha kike cha miezi minne.

Daktari alimwona, akaandika sindano ya penisilini. Faili likaja kwangu.

Nilipomsalimia, alisikia lafudhi yangu. Akacheka! "Wewe umekulia Tanzania!" Kumbe na yeye alikulia Karagwe. Tukaanza kuongea Kiswahili chetu, tukataja milima na magulio tuliyoyajua sote wawili. Kwa mara ya kwanza mgonjwa hakuniita mtoto. Aliniita mdogo wangu.

Nilipokuwa natayarisha sindano, akaniuliza ni dawa gani. Nikamtajia.

"Mdogo wangu, nadhani hiyo ndiyo waliyonichoma zamani nikavimba uso mpaka nikashindwa kupumua. Mama huwa ananiambia niseme kila nikienda hospitali. Basi ndiyo nakuambia."

Wasomaji wenzangu... shuleni hilo lilikuwa somo la mwanzo kabisa! Mgonjwa akisema hivyo unaweka sindano chini, unamwita daktari. Na daktari alikuwa chumba cha pili, hatua kumi tu kutoka pale niliposimama!

Sikwenda kwa daktari. Nilikwenda kwa Dada Konsolata, aliyekuwa mlangoni anapanga foleni. Nikamnong'oneza. Hakunigeukia hata.

"Wote wanaogopa sindano, wote wanasema wanavimba," akasema kwa sauti, watu wakasikia. "Iko dawa imeandikwa na daktari. Wewe ni daktari? Nenda kachome, mtoto wewe!"

Watu wawili watatu kwenye foleni wakacheka.

Kicheko kile... Hadi leo najiuliza, ni kicheko tu kilichomuua Esperansi? Kwa sababu nilirudi chumbani uso unawaka moto, na sikuwa nafikiria mgonjwa tena. Nilikuwa nafikiria aibu yangu. Nikamwambia, "Nimeuliza, hakuna shida."

Akaniamini. Akanipa mkono mwenyewe.

Dakika hazikufika tano. Alianza kujikuna shingo. Midomo ikavimba. Akajaribu kukaa, akashindwa. Na mimi, badala ya kupiga kelele daktari aje, nikakimbia nje kumtafuta Dada Konsolata! Nilizunguka jengo zima. Nilimkuta kwenye stoo ya dawa. Tuliporudi na daktari akaitwa, macho ya Esperansi yalikuwa yameanza kugeuka. Daktari alimchoma dawa ya dharura, akambana kifua, akahangaika mpaka jasho likamtiririka.

Kabla ya hapo, wakati daktari anaingia mlangoni, Esperansi alinishika koti. Pumzi ilikuwa inapiga filimbi. Akasema neno moja tu.

"Nilikuambia..."

Hakusema tena.

Nje kichanga kilikuwa kinalia kwa njaa. Mama Venansia aligonga mlango, akauliza kwa upole kama bado sana, mtoto anataka kunyonya.

Mungu wangu!

Dada Konsolata alinivuta stoo, akafunga mlango. Alikuwa na faili. Akanionyesha mahali pa kuandika mzio wa dawa, palipokuwa wazi.

"Andika aliulizwa, akasema hana. Weka sahihi yako."

Nikamwambia, lakini dada, aliniambia, na mimi nikakuambia wewe!

"Nani alisikia?" akasema. "Sikiliza, mdogo wangu. Wakijua, hutavaa koti tena maisha yako yote. Mama yako utamwambia nini? Ukiandika, ni bahati mbaya tu, mwili ulikataa dawa. Mimi nitakulinda."

Nikaandika. Kwa mwandiko wangu mzuri wa shule, nikaandika: ameulizwa, amesema hana.

Baada ya maziko Mama Venansia alikuja na kaka yake. Tukaitwa ofisini kwa mwenye zahanati. Yule mama alisema haelewi, kwa sababu tangu binti yake yuko mdogo alimfundisha popote aendapo aseme kuhusu dawa ile. Mwenye zahanati akafungua faili, akasoma kwa sauti. Kisha akaniuliza kama ndivyo ilivyokuwa.

Dada Konsolata alikuwa anaangalia dirishani.

Nikajibu, "Ndiyo. Nilimuuliza. Alisema hana."

Nilisema hivyo nikimtazama mama mzazi machoni! Kisha akainuka, akanishika mikono yote miwili.

"Asante, mwanangu, kwa kumuuliza," akasema. "Basi ni yeye aliyenyamaza."

Wiki hiyo hiyo nilifukuzwa kazi. Mwenye zahanati aliniambia Dada Konsolata amemweleza ukweli, kwamba mgonjwa alinionya mimi peke yangu, nami nikaficha nikaogopa kuuliza. Lakini kwa Mama Venansia hakupeleka neno, asije akaharibu jina la zahanati. Nilimkuta Dada Konsolata koridoni akifunga mfuko wa pamba. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia ana watoto wanne. Sijawahi kumwona tena... nasikia alirudi Bujumbura.

Mama yangu aliamini nimefukuzwa kwa wivu. Alinitetea kanisani na kwa majirani. Kila aliponitetea nilitamani ardhi inimeze. Nilipata kazi kwingine, zahanati ya pili, nikadumu siku tatu. Nikishika sindano vidole vinakufa ganzi. Nikaacha, nikaenda kufua.

Neno lile lilikuwa linanifuata mchana kweupe. Muuza nyanya akimwambia mwenzake "nilikuambia", mimi nasimama kama nimepigwa. Mtoto akimlalamikia mama yake kwenye basi, "si nilikuambia!", mimi nashuka kabla ya kituo changu. Chumba cha kufulia kina mashine sita, zinapiga kelele kutwa nzima, na bado nalisikia humo ndani.

Kisha mama akaugua kisukari. Akaandikiwa sindano za kila siku. Mama wa muuguzi, wasomaji wangu, ikabidi amwite jirani aje kumchoma! Siku moja jirani hakuwepo. Mama alinipa sindano, nikaitazama, ikaniponyoka ikaanguka sakafuni.

Mama akaniuliza, "Mwanangu, wamekufanya nini huko Masaka?"

Ndipo nikamwambia yote. Yote! Alisikiliza bila kunikatiza. Nilidhani atanilaani au atanikumbatia. Hakufanya hata kimoja. Alisema, "Mimi siye wa kuambiwa. Kuna mama mwenzangu Masaka anayesubiri."

Nilikwenda mwaka jana, Jumamosi saa nne asubuhi. Nilimkuta Mama Venansia anapalilia maharage. Amezeeka. Hakunitambua mpaka nilipoanza kuongea, tena sikumaliza salamu nikapiga magoti kwenye udongo. Nikamweleza kila kitu: alivyoniambia, nilivyochekwa, nilivyomchoma, nilivyoandika. Nikamwambia na lile neno la mwisho.

Alikaa chini kwenye mtaro wa shamba. Nilisubiri anipige na jembe. Ningekubali.

"Kumbe alisema," akasema taratibu. Akarudia, "Kumbe mwanangu alisema!"

Kisha akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu mzima. Akaniambia kwamba miaka yote ile alikuwa na hasira na marehemu. Alikuwa anamwita mjinga. Mjukuu akimuuliza habari za mama yake, alikuwa anajibu, mama yako alijiua kwa kunyamaza. Kaburini alikuwa haendi.

Mnaona nilichofanya? Sikumuua tu Esperansi. Nilimnyang'anya mama yake baada ya kifo!

Nilimuomba msamaha. Akaniambia, "Leo sina. Labda sitakuwa nao. Lakini utaingia ndani umwambie mtoto kwa mdomo wako."

Keza, kile kichanga cha siku ile, alikuwa na miaka kumi na mmoja, mrefu, mwenye paji la uso la mama yake. Nikamwambia. Alinitazama, akauliza swali moja tu, "Kwa hiyo alijua kujitetea?"

Nikajibu ndiyo. Alijua. Mimi ndiye niliyekuwa sijui.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa wanaosimamia kazi yetu ya uuguzi, nikaandika maelezo mapya, kurasa tatu. Sijui watanifanya nini. Naendelea kufua, nasubiri.

Wadogo zangu mnaovaa koti jeupe mkiwa bado mnaota chunusi, nawasihi! Mgonjwa akikuambia kitu, weka sindano chini. Wacheke. Wakuite mtoto, wakuite mjinga, wakufukuze siku hiyo hiyo ukale ugali kwa mama yako. Gonga mlango wa daktari hata mara kumi. Na mtu yeyote, hata awe amekula nawe sahani moja, asikupe kalamu uandike ambacho hakikusemwa.

Nanyi dada zetu wakubwa kazini, mtoto akija kuwanong'onezea, mgeukieni. Ni nusu dakika tu! Mimi nilichotaka siku ile ni mtu mmoja anigeukie aseme, umefanya vizuri kuuliza.

Esperansi alikuwa na haki ya kwenda nyumbani kumnyonyesha mwanawe.