Joto la Ukutani

Rafiki yangu ni fundi umeme, ila kwake hajaingiza umeme. Mganga hajigangi. Juzi aliitwa na mjane mmoja. Ukuta wa chumba chake ulikuwa wa moto, tena unavuma kama mzinga wa nyuki.

"Waya mwembamba umebebeshwa mzigo, mama. Lazima uchemke," alimwambia.

Alizima umeme, akauvuta waya wote nje. Gizani akapapasa ukuta kwa mgongo wa kiganja, kama mafundi wafanyavyo. Joto lilikuwepo, pale tu alipogusa. Aliposogeza mkono, likaufuata.

"Lilimfuata hata fundi aliyekutangulia," mjane alisema. "Tumeshamzika."

Jana nilikwenda kwa rafiki yangu kumjulia hali. Kitanda amekihamishia katikati ya chumba. Tuliponyamaza, nikasikia kuta zote zinavuma.