Glavu Nyeupe ya Mzee Ngumbao

Kabla ya adhana ya alfajiri, Bi Mwanaesha alikuwa ameshasukuma unga wa mahamri na kuinjika mbaazi za nazi. Nyumba yao ilikuwa Kibokoni, katika Mji wa Kale, kwenye kichochoro chembamba mno hata jirani wa mkabala akipiga chafya unamwombea rehema bila kutoka kitandani. Tangu afiwe na mumewe, chakula hicho ndicho kilichowalisha yeye na bintiye Swabaha, na ndicho kilichomfikisha Swabaha darasa la sita.

Shule zilipofungwa, Swabaha alifuatana na mamake kazini. Mama alijitwika sufuria, binti akabeba kapu la mahamri. Walipita Makadara maduka yakiwa bado yamefungwa, wakashika njia mpaka Shimanzi kwenye maghala. Kando ya mlango wa ghala moja kubwa la mabati, Bi Mwanaesha alikuwa na benchi lake. Msimamizi wa ghala, Bwana Abdulghafur, alimruhusu kukaa hapo kwa sharti moja.

"Bi Mwanaesha, wewe na chakula chako karibuni," alimwambia. "Lakini mtoto yeyote asivuke mstari huu mweupe wa mlangoni. Humu ndani si mahali pa kuchezea."

Sharti hilo lilikuwa na sababu. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, na ghalani mlikuwa mmeletwa winchi ya umeme. Zamani marobota ya nguo yalipandishwa kwa migongo ya makuli, huku kiongozi wao, Mzee Ngumbao, akiwaimbisha ili wainue kwa pamoja. Sasa winchi ilitambaa juu ya reli chini ya paa, ikateremsha mnyororo wenye ndoana, ikanyanyua marobota kadhaa kwa mara moja. Dereva wake, Musyoka, aliketi ndani ya kizimba kule juu. Kwa kelele za mota hakusikia sauti ya mtu, na kwa urefu wa marundo hakuona vyema chini. Alichokiona ni mkono mmoja tu, wenye glavu nyeupe, ukichomoza juu ya marundo. Mkono huo ulikuwa wa Mzee Ngumbao, aliyesimama juu ya kasha la mbao. Kiganja kikitazama juu na kupandapanda, Musyoka alipandisha mzigo. Kiganja kikitazama chini na kupigapiga hewa, alishusha. Ngumi ilikuwa na maana moja: simama hapo hapo. Na mkono usipoonekana kabisa, mzigo haukuondoka ulipo.

"Zamani niliimba kwa mdomo," Mzee Ngumbao alisema siku moja akila mbaazi. "Sasa naimba kwa mkono, na Musyoka ndiye anayeitikia."

"Afadhali, mzee," akasema Chonga, kuli kijana aliyependa utani. "Sauti yako ilikuwa ikitoa kutu kwenye mabati."

"We Chonga, sahani hiyo ni ya Bi Mwanaesha. Usiilambe hadi maua yakafutika."

Makuli walicheka. Swabaha naye alicheka, huku akiigiza zile ishara kwa mkono wake mwenyewe. Kwa kutazama kutoka mlangoni kila siku, alizijua zote.

Jumatatu moja, jirani yao Mwanakuu, aliyesoma darasa moja na Swabaha, alifuatana nao. Asubuhi nzima Swabaha alimweleza habari za winchi. Kiganja hivi, kiganja vile. Mwisho Mwanakuu alichoka.

"Wewe wajua kuhesabu mahamri tu," alisema. "Ati winchi! Umeme nao ukusikize wewe?"

"Wallahi nazijua ishara zote."

"Kuzijua si kitu. Hata kasuku angezijua. Watakutii?"

Bi Mwanaesha alikuwa ameondoka na ndoo kwenda kuteka maji kwenye bomba. Ndani ya ghala, mzigo wa marobota ulikuwa ukining'inia hewani. Mkokoteni wa Chonga uliokuja kuupokea ulikuwa umekwama, gurudumu limeingia kwenye ufa wa sakafu. Mzee Ngumbao alionyesha ngumi. Winchi ikasimama. Kisha akaivua glavu ili apate kushika vizuri, akaiweka juu ya kasha, akashuka kumsaidia Chonga kusukuma.

Swabaha alitazama nyuma. Mamake hakuwapo. Akavuka mstari mweupe.

Alipanda juu ya kasha akavaa glavu. Ilikuwa na joto bado, na ilimpwaya. Akamtazama Mwanakuu, akatabasamu, akainua mkono juu ya marundo na kupigapiga hewa kwa kiganja. Mara mbili tu. Alidhani Musyoka angemwona na kucheka.

Mota ilinguruma na mzigo ukaanza kushuka.

Swabaha aliijua ishara ya kusimamisha. Angekunja vidole tu. Lakini hofu ilimshika, na badala ya kukunja ngumi akaivua glavu, akaitupa juu ya kasha na kukimbia. Nyuma yake alimsikia Mzee Ngumbao akipiga kelele, "Chonga! Toka!" Kisha ukasikika mlio wa mbao kuvunjika, na baada yake ukelele wa mtu.

Mzee Ngumbao alikuwa amemsukuma Chonga kando, lakini mguu mmoja ulibaki. Musyoka, alipoona mkono umetoweka, alikuwa amesimamisha winchi, ila mzigo ulikuwa umeshauponda mkokoteni na kuubana mguu wa Chonga juu ya kifundo. Walimtoa, wakamlaza kwenye turubali, wakamkimbiza hospitali. Bi Mwanaesha alirudi na ndoo yake akamkuta bintiye amekaa kwenye benchi, mikono ameificha ndani ya kanga.

Bwana Abdulghafur aliwakusanya watu wote mlangoni.

"Musyoka, nani alikuambia ushushe?"

"Niliona glavu, bwana. Naapa. Ilionyesha shusha."

"Ngumbao?"

"Nilikuwa chini, nasukuma gurudumu. Glavu nilikuwa nimeivua."

"Umeivua? Basi ilivaliwa na nani, na shetani?"

Mzee Ngumbao aligeuka akalitazama kasha. Hapo mtu mmoja nyuma akanong'ona, lakini kwa sauti ya kusikika: "Huo ni ulevi wa mnazi. Mzee leo amepitia mangweni." Mwingine akacheka kidogo. Mzee Ngumbao aliwatazama mmoja mmoja, watu aliowaimbisha miaka mingi, nao wakatazama miguu yao.

"Rudi nyumbani," Bwana Abdulghafur alimwambia. "Mwenye ghala akija Alhamisi, ataamua kama utarudi au la."

Swabaha aliona glavu ikichukuliwa juu ya kasha na kutiwa mfukoni na msimamizi. Uso ulimwaka. Alitaka kusema, lakini Mwanakuu alimvuta kando.

"Nyamaza," alimnong'oneza. "Ukisema, mamako atafukuzwa hapa. Mtakula nini?"

Swabaha akarudi kwenye benchi akaanza kupanga vikombe.

Kesho yake kulikuwa na mtu mpya juu ya kasha, na winchi ilikwenda polepole kama mgonjwa. Kwenye benchi, habari ilikuwa moja tu. Kuli mmoja alipokuwa akipokea chai alisema, "Bi Mwanaesha, mzee wa watu akipita mtilie tangawizi nyingi, mnazi umtoke."

Bi Mwanaesha aliweka birika chini. "Wewe ulimwona akinywa?"

"La, bibi. Watu wanasema."

"Basi ulimi wako hauna ushahidi, una njaa tu. Chukua hamri."

Watu walicheka. Swabaha hakuweza kucheka. Kila neno "mnazi" lilipotajwa, aliona kama ametajwa yeye kwa jina. Alimwaga mchuzi, akasahau sukari. Usiku ule aliposimama kuswali nyuma ya mamake, alijikuta hajui yuko rakaa ya ngapi. Mamake alimtazama sana baada ya salamu. Alimwekea mkono kichwani kuona kama ana homa, na mkono ule mpole ulimuumiza Swabaha kuliko kofi.

Jumatano, jua lilipokuwa limepanda, Mzee Ngumbao alikuja kwenye benchi. Alivaa shati safi lililopigwa pasi. Mkononi alikuwa na bakuli la Bi Mwanaesha alilokwenda nalo nyumbani wiki iliyopita.

"Subulkheri, Bi Mwanaesha."

"Akheri, mzee wangu. Karibu ukae. Swabaha, mpe mjomba wako chai."

"Sikai, bibi. Nimeleta bakuli lako. Nakwenda kwetu kijijini Rabai leo, nisije nikaondoka na mali ya mtu."

"Lakini kesho ndiyo Alhamisi. Hungojei?"

"Ningoje nini?" Alisema polepole, bila hasira. "Kazi hupotea, na kazi hupatikana. Si hilo. Habari ilitangulia nyumbani kabla yangu. Nilipoingia mlangoni, mke wangu hakuniambia neno. Alinisogelea akaninusa mdomo. Mimi, Bi Mwanaesha! Mnazi sijautia kinywani tangu nizaliwe, na mwanamke niliyeishi naye hadi tukapata wajukuu ananinusa."

Kikombe kilimponyoka Swabaha kikavunjika juu ya saruji.

"Ni mimi," alisema.

"Kikombe si kitu," mamake akajibu. "Okota vigae usije—"

"Si kikombe, mama. Glavu. Ni mimi niliyevaa glavu. Nilivuka mstari. Nilimwonyesha Musyoka ashushe."

Mzee Ngumbao alikaa kwenye benchi. Bi Mwanaesha alimtazama bintiye, na Swabaha alingoja kofi. Halikuja.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa wasije wakakufukuza hapa, mama."

"Mimi nilikutuma unilindie riziki kwa uwongo? Riziki anayo Mungu." Akafunika sufuria, akajifunga kanga vizuri, akamshika mkono. "Haya, twende."

"Mama, tumwambie Bwana Abdulghafur peke yake. Ofisini. Tafadhali."

"Mzee huyu amevunjiwa heshima ofisini? Alivunjiwa mbele za watu. Na mbele za watu utamrudishia."

Walisimama kwenye mstari mweupe, bila kuuvuka, na Bi Mwanaesha akaomba winchi isimamishwe. Mota ikazima. Makuli walikuja wakifuta jasho, Musyoka akashuka ngazi, Bwana Abdulghafur akatoka ofisini. Macho yote hayo yalimwelekea Swabaha. Alitamani sakafu ifunuke immeze. Sauti yake ilitoka nyembamba kama ya mtoto mchanga. Lakini alisema yote, hata lile la kukimbia bila kukunja ngumi.

"Nionyeshe ulivyofanya," akasema Bwana Abdulghafur. Akatoa glavu mfukoni.

Swabaha aliivaa, akainua mkono, akapigapiga hewa mara mbili.

"Ndio huo," Musyoka alisema taratibu. "Niliona glavu imelegea vidoleni, nikadhani ni mwanga wa mlangoni unanidanganya macho. Mungu wangu."

Swabaha aligeuka. "Mjomba Ngumbao, nisamehe. Hukunywa kitu. Mimi ndiye niliyefanya, na nikawaacha wakutukane."

Kuli yule wa tangawizi alikuwa wa kwanza kuivua kofia yake. "Tusamehe na sisi, mzee," alisema.

Mzee Ngumbao alikohoa. "Nami nina langu, Bwana Abdulghafur. Glavu haikustahili kuvuliwa mzigo ukiwa hewani. Nilipaswa kuushusha kwanza, ndipo nikasukume gurudumu. Chonga ameumia kwa kosa langu pia."

"Umelisema bila kuulizwa," msimamizi akajibu. "Panda kwenye kasha lako. Mwenye ghala nitazungumza naye mimi." Kisha akamgeukia Bi Mwanaesha, akashusha sauti. "Lakini benchi, bibi, siwezi kuliacha hapa mlangoni. Lihamishe ng'ambo ya barabara."

"Ni haki," Bi Mwanaesha alisema. Siku hiyo hiyo walilibeba, yeye upande mmoja na Swabaha upande wa pili. Ng'ambo hakukuwa na kivuli, na wateja walipungua.

Ijumaa jioni walikwenda hospitali na bakuli la mbaazi. Chonga alikuwa kitandani, mguu umefungwa plasta nyeupe hadi gotini. Swabaha alimweleza mwenyewe, kichwa ameinamisha.

"Kumbe!" Chonga alisema. "Na mimi nimelala hapa nikimlaani Musyoka siku zote hizi. Itabidi nimwombe radhi." Alijaribu kucheka, kisha akautazama mguu. "Lakini mguu unauma, Swabaha. Sitakudanganya. Na daktari hajui kama nitabeba mzigo tena."

Alimlisha mbaazi kijiko kwa kijiko, kwa sababu Chonga alikuwa amekatazwa kuketi, na akaahidi kurudi kila Ijumaa mpaka atoke. Chonga alikubali kwa kichwa.

Walirudi nyumbani kwa miguu.

"Mama," Swabaha aliuliza njiani, "aibu hii itanitoka lini?"

"Kwa nini itoke upesi?" Bi Mwanaesha alijibu. "Tangu Jumatatu ulikuwa na aibu, ila uliificha, nayo ikala heshima ya mtu mwingine. Sasa unaibeba mwenyewe, na Mzee Ngumbao amerudi kwa mkewe kichwa juu. Sikiza, mwanangu. Mkono wako ulikosa kwa dakika moja, na mzaha wa dakika moja umevunja mguu wa mtu. Hilo hatuwezi kulirudisha. Lakini ulimi wako ulikosa siku tatu nzima, na kila siku ungeweza kulirudisha, hukutaka. Ukikosea, sema mapema, maana haki ya mtu haifutwi kwa toba ya chumbani. Unamwendea mwenyewe, ukamrudishia mkononi."

Akamshika Swabaha mkono, ule ule wa kulia uliovaa glavu, na hakuuachilia mpaka walipofika nyumbani.