Pete za Njano

Kila asubuhi kabla ya kazi, Siafu alimwogesha binti wa kaka yake kwenye beseni la bluu. Mtoto alikuwa akitafuna pete yake ya njano ya kuotea meno, huku akipiga maji mateke.

Leo hakupiga mateke.

Alitapika. Matapishi yalikuwa na vipande vya rangi ya njano.

Siafu alipitisha ukucha juu ya pete. Rangi ikabanduka. Ikanuka tina, ile ya kuchanganyia rangi za mafuta.

"Wifi, hii ulinunua wapi?"

"Mtandaoni. Ina nyota tano!" Wifi yake alikuwa tayari anamviringisha mtoto kwenye taulo. "Tunakwenda hospitali."

Simu ya Siafu ikatetemeka. Alikuwa Mkuu wake wa kazi.

"Maziwa yamechemka."

"Nazima jiko," Siafu alijibu kwa fumbo lao la kazi.

"Yule muuza pete za meno tunayemfuatilia anasambaza mzigo leo. Tatizo ni lilelile. Anadai hajui anachouza. Mfanye aseme."

Siafu akamtazama wifi yake.

"Nenda tu," wifi alisema bila kuinua uso. "Bima hazijiuzi zenyewe."

Nyumbani walidhani anauza bima; hawakujua kuwa ni mpelelezi.

Pikipiki yake, Yamaha, ilisimama mara moja tu njiani, kwenye duka la dawa; hapo alimpigia Mkuu kumweleza habari za mtoto.

Godauni lilinuka hadi barabarani. Vijana walichovya pete kwenye pipa la rangi ya mabomba. Wote walivaa barakoa. Kwenye pete moja unywele wa paka ulikuwa umegandia. Ilifungwa hivyohivyo, ikabandikwa lebo: SALAMA KWA MTOTO.



"Karibu, mteja wangu!" Tajiri wa godauni, aliyeitwa Pipi, alimdhania mnunuzi wa jumla, akampa mkono wenye jasho. Ofisini, mjukuu wake alitambaa kwenye zulia, kando ya katoni zilizofunguliwa.

Sauti ya Mkuu ikanong'ona kwenye kifaa kidogo sikioni mwa Siafu. "Nimeongea na hospitali. Majibu ya damu ya mtoto wenu mpaka kesho. Daktari hajui atibu sumu gani. Mtoto analegea."

"Mzee, rangi hii ina nini?"

"Rangi ya chakula, mwanangu. Hata mimi naweza kulamba."

Hakulamba.

Mkobani, kando ya Glock, kulikuwa na pete ya njano halisi, ile aliyoinunua duka la dawa. Siafu aliificha kiganjani, akajifanya anaitoa katonini, akamkabidhi mjukuu.

Mtoto akaipeleka mdomoni.

Pipi akaruka meza. Chai ikamwagika.

"Mnyang'anye!"

"Si rangi ya chakula?"

"Ina madini ya risasi, we mwanamke! Utaniulia mtoto!"

Kifungo cha koti la Siafu kilikuwa kamera iliyorusha na sauti.

"Daktari amesikia," Mkuu alisema. "Anaanza dawa. Tunaingia."

Mlinzi wa kwanza alipokea kiwiko puani. Wa pili alitazama mtutu wa Glock, akakumbuka ana familia.

Askari wakavunja lango.

"Pete yake ni nzima, mzee," Siafu alimwambia Pipi, aliyekuwa akitiwa pingu. "Mwache atafune. Wa wenzako ndio uliowalisha sumu."

Akafuta kwa leso ule mkono aliompa Pipi. Akaitupa leso. Akatoka taratibu, hakugeuka.

Alikuwa anavaa helmeti wifi yake alipopiga simu.

"Amepata dawa. Amempiga daktari teke."

Siafu akacheka, macho yakiwa yamemlowa.

"Wifi?" mama wa mtoto aliita.

"Abee," Siafu aliitika.

"Asubuhi nilikwambia nenda tu. Nilitaka kusema usituache peke yetu."