Waya Zirudi Kama Zilivyokuwa

Kitambaa cha mbele kilikuwa kimelika upande mmoja tu. Upande wa kulia kilikuwa kizima, cheusi, na vumbi lake. Upande wa kushoto, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa chini, palikuwa na duara lililopauka na kung'aa kwa mafuta ya nywele, kama mto uliolaliwa miaka. Fundi alipitisha kidole pale, akakinusa, akakifuta kwenye suruali. Boksi la spika za gitaa hulaliwa na nani?

"Spika zote mbili zimekufa," alisema mpiga gitaa aliyelileta. Alikuwa mzee mrefu, mkondefu, mwenye sauti ya chini ya mtu aliyezoea kuzungumza peke yake. "Karatasi zimepasuka. Mpya hizi hapa, nimeshanunua. Ila waya, fundi, zirudi kama zilivyokuwa. Usinirekebishie kitu."

"Utalichukua leo hii, mzee."

"Leo nasafiri, naenda kupiga harusini. Nikirudi nitapita." Alikigusa kile kitambaa kabla ya kuondoka, akatoka bila kuaga.

Mafundi tunawajua. Redio yako itakaa kwake mpaka isahau kuimba, na kila ukienda ni njoo kesho, njoo kesho, na hiyo kesho haifiki. Huyu hakuwa hivyo. Mtaani walimwita Leoleo, kwa sababu hajapata kumwambia mteja arudi kesho. Jina hilo alipewa na mkewe kwa utani, mtaa ukalidaka. Sasa mkewe alikuwa marehemu. Alimwachia karakana ya mbele, vyumba vya nyuma, na mama yake mzazi, ambaye baada ya mazishi aliitwa na watoto wake wengine aende kuishi kwao, akasema, "Huyu nimwache na nani?" Basi wakabaki, mkwe na mkwe, kila mmoja akijifanya amebaki kwa ajili ya mwenzake.

Fundi alifungua skrubu za nyuma, akazitoa spika za zamani, na hapo akaliona kosa. Spika ina ncha mbili, chanya na hasi. Zikiwa mbili katika boksi moja hufungwa sawa, zisukume pamoja na kuvuta pamoja. Ukizigeuza waya za moja, hii ikisukuma ile inavuta, sauti zinakulana hapo katikati, na aliyekaa mbele anaambulia kijisauti chembamba kisicho na tumbo. Ni kosa la mwanafunzi. Spika ya kushoto ilikuwa imegeuzwa.

"Mzee wa watu," alisema fundi. "Miaka yote anapiga gitaa lenye mafua."

Agizo alilikumbuka. Lakini fundi mzuri ana ugonjwa wake, hawezi kufunga boksi huku kosa linamtazama. Akazilehemu waya sawasawa.

Kisha akajaribu kwa betri ya tochi, kama kawaida yao. Ukigusisha waya, karatasi ya spika inaruka mbele, ukiondoa, inarudi. Aligusisha, karatasi zote mbili zikatoka kwa pamoja, safi kabisa. Akaiondoa betri. Hazikurudi. Zilikaa vilevile zimejaa, kama kifua cha mtu aliyebana pumzi, halafu zikashuka polepole, na upepo wa uvuguvugu ukampitia usoni ukinuka mafuta ya nywele. Si yale ya kitambaani. Haya aliyajua, yalikuwa ya mkewe, chupa yake bado ilikuwa dirishani chumbani.

"Chai inapoa," lilisema boksi.

Halikuwa limeunganishwa na kitu. Ampilifaya yenyewe, ile mashine ya kukuza sauti, mzee hakuileta, na ncha ya waya ilikuwa juu ya meza, wazi, haijagusa chochote.

Mama mkwe akatokea mlango wa nyuma na mikono yenye maji. "Baba, nani kasema hapo?"

"Redio, mama."

"Redio inajuaje kama chai yako inapoa?"

Wakatazamana, na mama mkwe akavuta kigoda taratibu, akaketi mbele ya boksi, mikono ikimdondoka maji mapajani.

Lililo gumu kusema ni kwamba walifurahi. Jini limeingia nyumbani na wenye nyumba wakalifungulia mlango. Lilisema kwa sauti ya marehemu vitu vidogo vidogo, vile vya kwake kabisa: mbona dirisha halijafungwa, nani kahamisha ungo wangu, Leoleo, shati hilo livue nilifue. Fundi akawa anafunga karakana mapema. Wateja waligonga, wakachoka, wakaondoka wakisema heri fundi wa njoo kesho kuliko fundi asiyefungua. Mama mkwe alihamishia mboga zake pale, akachambua, akasahau kuzipika. Sahani zilibaki na chakula. Harufu ya mafuta ikaingia kwenye mashuka, kwenye maji ya kunywa, na chini yake ikaanza kusikika harufu nyingine, ya tope la kaburi siku ya mvua.

Ndipo sauti ikaanza kuomba. "Mama, njoo unisuke."

Katika ugonjwa uliomuua, nywele zote za marehemu zilikuwa zimepukutika. Mama alikuwa akizisuka zilizobaki, siku baada ya siku, mpaka ikafika siku akapitisha chanuo na pasiwe na cha kusuka. Hilo walilijua wao wawili tu na marehemu.

"Zimeota tena, mama," lilisema boksi. "Njoo."

"Anaita kutoka wapi?" mama mkwe alinong'ona.

"Usimjibu, mama."

"Wewe unamjibu. Nakusikia."

Kweli, alikuwa akimjibu.

Jioni moja umeme ukakatika mtaa mzima, na fundi, aliyekuwa uani akitafuta mshumaa, akasikia sauti ya mkewe ikisema "mama" mara moja, haitoki tena karakanani bali barabarani, mbali kidogo, kama mtu anayetangulia na kugeuka nyuma kuangalia kama anafuatwa, na alipoingia akakuta kigoda kitupu, mlango wa mbele wazi na chupa ya mafuta haipo dirishani, akakimbia bila viatu kuufuata ule mnuko uliotandazwa njiani, akapita nyumba ya mwisho, akashuka kwenye machimbo ya mchanga yaliyojaa maji ya mvua, na huko akamwona mama mkwe yumo ndani mpaka kiunoni, chanuo mkono huu, chupa mkono ule, anatembea kwa haraka ya mtu aliyechelewa, na mbele yake maji yanafunguka kidogo kidogo ingawa hapakuwa na mtu.

Akamshika.

"Niache, baba," mama mkwe alisema kwa upole. "Ananingoja nywele wazi."

Alimbeba mgongoni mpaka nyumbani. Mlangoni walimkuta mpiga gitaa, begi la safari bado begani. Aliwatazama walivyolowa, akaelewa.

"Ulizirekebisha," alisema.

"Nisamehe, mzee. Niliona ni kosa."

"Kosa nililifanya mimi kwa mikono yangu." Mzee aliketi kizingitini. "Lile halina sauti yake, fundi. Linaazima. Kwangu liliazima ya marehemu mwanangu. Spika zikisukuma pamoja linapata nguvu, linatoka, linaita, na mwenye kuitwa huenda. Mke wangu alikwenda. Nilimwopoa asubuhi. Ukigeuza spika moja, linajila lenyewe. Haliwezi kutoka."

"Kwa nini hukulichoma?"

Mzee alimwangalia kama anayeulizwa na mtoto. "Wewe lichome," alisema.

Fundi hakulichoma. Alipasha moto chuma cha kulehemu juu ya jiko la mkaa, akafungua mgongo wa boksi. Sauti ikaja usawa wa uso wake, ya chini, ile ya usiku wao wa mwisho hospitalini.

"Leoleo. Si leo, mume wangu. Kesho."

Alilia wazi, pale mbele ya mgeni na mama mkwe, na huku analia akazigeuza waya, chanya kwa hasi. Sauti ikakonda. Ikawa uzi. Ikakatika. Mama mkwe akasogea kwenye kigoda, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Ameondoka?"

"Ameondoka, mama."

"Sasa ndiyo amekufa," mama mkwe alisema, akalia kilio ambacho msibani hakikumtoka. Siku iliyofuata alikula. Siku nyingine akafagia uwanja, akauliza kama kuna sukari.

Mpiga gitaa alikuja kulichukua boksi lake. Karakana ilikuwa wazi, kila kitu mahali pake, boksi limefungwa skrubu zote. Fundi alikuwa amesimama mbele yake.

"Limekwisha?" mzee aliuliza.

Kazi ilikuwa imekwisha siku nyingi. Mzee aliona hivyo. Aliona pia kwamba upande wa kulia wa kitambaa, ule uliokuwa mzima, sasa una duara dogo, jipya, linaloanza kung'aa.

"Njoo kesho, mzee," alisema Leoleo.

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Macho yalimjaa. "Na mimi wangu, fundi?"

"Kesho."

Alipoondoka, fundi alirudishia mlango, akapiga magoti, akalaza kichwa kitambaani. Ukikaa mbele ya spika zinazokulana husikii kitu. Ukilaza sikio kwenye moja, unasikia.

Kutoka nyuma mama mkwe aliita kwamba chai inapoa. Akangoja, akaita tena, kwa sauti yake mwenyewe, ya mtu aliye hai. Fundi hakumsikia.