Kidude cha Kifuani

Usijifanye hukusikia. Ulikuwa wodini ukimmenyea mama yako chungwa, kidude cha simu kinachoning'inia kifuani pa muuguzi kikatangaza kwa sauti siri ya mgonjwa mwenzenu, nawe ukageukia ukuta. Tupo tunaokumbuka.

Jumanne asubuhi, mama wa mchumba alikwenda moja kwa moja hadi kitanda cha mgonjwa, msichana fundi cherehani aliyechumbiwa na mwanawe.

"Vua pete. Mwanangu yuko safarini miezi mitano sasa. Mimba hiyo ya nani?"

"Mimba gani, mama?"

Mama akamwonyesha ujumbe ulioingia kwenye simu yake jana jioni kutoka namba ngeni. Pete ikavuliwa. Mkuu wa wodi akaita polisi wamtafute aliyevujisha siri.

Inspekta alianzia maabara. Mtaalamu alikuwa na mafua tangu juzi, koo limemkauka, anakwaruza kama chura.

"Nilichanganya sampuli, afande. Jana asubuhi nikapiga simu wodini kwamba ana mimba. Saa sita nikatuma karatasi ya kusahihisha, ikawekwa kwenye faili. Mimi mwenyewe sijatia mguu huko."

Muuguzi naye alikuja juu. "Nilikuwa nyuma ya pazia nasafisha kidonda, mikono yote miwili ina kazi. Simu ikaingia kwenye kidude, nikajibu kama tunavyojibu sote: sema tu, nakusikia."

"Na wengine wakasikia. Hamna vya kuweka sikioni?"

"Vipo kabatini. Eti vinachelewesha kazi."

Inspekta akatafakari. Aliyesoma faili angeona masahihisho. Mtumaji wa jioni alijua kosa tu. Basi hakusoma, alisikia.

Akamwita dada wa mgonjwa, aliyekuja kumuuguza mdogo wake.

"Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Foleni ya dawa, huko nje. Wodini niliingia mchana. Mbona hammbani yule wa maabara, mwenye sauti ya chura?"

"Mnafahamiana?"

"Hata sura yake siijui!"

"Basi sauti yake umeisikia wapi, dada? Yeye hatoki maabara, na mafua hayana siku tatu. Sauti hiyo imesikika wodini mara moja tu, jana asubuhi, kwenye kidude."

Hapo dada akayamwaga yote.

"Mimi ndiye mkubwa! Kila usiku anashona gauni lake la harusi, ananiita: dada, mkono huu umekaa? Mgongo je? Mimi nashika pini, yeye anaolewa. Nilipokuwa upande wa pili wa lile pazia nikasikia, nikasema Mungu kanionea huruma, jioni nikamtumia mama mkwe ule ujumbe."

Mgonjwa akajiinua kitandani. "Na ingekuwa kweli, dada? Ingekuwa yako kuisema?"

Dada alipelekwa kituoni. Pete haijarudi. Vya kuweka sikioni vingali kabatini, na kwa hilo hakuna mkubwa aliyeitwa kuhojiwa.

Dada alikuwa na wivu. Wewe una kisingizio gani? Kidude kikilia mbele yako leo, simama. Mwambie muuguzi: "Sista, vaa cha sikioni, au toka nje kwanza." Akikasirika, mfuate mkuu wake, mgongee mlango, usiondoke mpaka kabati lile lifunguliwe. Siyo kesho. Kesho kitataja jina lako.